Wa Pili Lini?

"Wa pili lini?" Swali hili huja na tabasamu, tena mara nyingi kutoka kwa watu wanaotupenda. Mwanetu ana miaka sita. Miaka ya mwanzo nilikuwa na jibu la haraka: mwakani, Mungu akipenda. Baadaye nikawa nacheka tu. Kisha siku moja mzee mmoja ninayemheshimu sana akaniuliza kwa namna nyingine, bila utani wowote: "Kwa hiyo mliamua mmoja anatosha?" Nikafungua mdomo nimjibu, nikajikuta sina neno. Hatukuwahi kuamua. Haikuwahi kutokea siku mimi na mke wangu tukaketi, tukakubaliana kwamba basi. Kila mwaka ulikuja na sababu yake nzuri ya kungoja mwaka unaofuata.

Nimekuwa nikifuatilia habari za kushuka kwa uzazi katika nchi tajiri kwa muda sasa. Mwanzoni ilikuwa ni udadisi wa takwimu. Baadaye, nakiri, ni kwa sababu nilianza kujiona humo ndani. Na kila mjadala ninaousikia huishia kwenye hukumu mbili zilezile. Ya kwanza: vijana wa siku hizi ni wabinafsi. Ya pili: vijana wa siku hizi hawana pesa. Zote zina chembe ya ukweli, na zote huniacha na njaa, kwa sababu zinachukulia kwamba mahali fulani kuna mtu aliyepima mambo, akakata shauri, akasema hataki. Mtu huyo yupo, lakini ni mmoja kati ya wengi.

Nianze na nchi iliyofika mbali kuliko zote. Mwaka 1960 mwanamke wa Korea Kusini alikuwa akizaa watoto takriban sita. Miaka ya 1970 serikali ikawahimiza wananchi waishie wawili tu, wawe wa kike au wa kiume, wawalee vizuri. Miaka ya 1980 kampeni zikasema hata wawili ni wengi. Mwaka 2023 kiwango cha uzazi kikawa wastani wa watoto 0.72 kwa kila mwanamke. Mwaka 2024 kilipanda hadi 0.75, na kupanda huko kudogo kukawa habari kubwa.

Ili idadi ya watu isipungue bila msaada wa wahamiaji, inatakiwa 2.1 hivi. Lakini desimali hazimshtui mtu mpaka zigeuzwe kuwa watu. Chukua watu mia moja, nusu wanawake, nusu wanaume. Kwa kiwango cha 0.72 watapata watoto 36. Hao 36 wakizaa kwa kiwango hichohicho watapata 13. Mababu na mabibi mia moja, wajukuu kumi na watatu, na vita haikupita wala tauni.

Ukitaja mambo haya mbele ya watu, wa kwanza kujibu atataja vidonge. Mimi pia niliamini hivyo mpaka nilipokutana na kisa cha Japani. Nchi hiyo iliruhusu vidonge vya kuzuia mimba mwaka 1999, wakati uzazi wake ulikuwa umeshashuka chini ya 2.1 tangu katikati ya miaka ya 1970. Na kabla ya hapo kuna jambo la ajabu zaidi. Kwa kalenda ya kale ya huko, mwaka 1966 ulikuwa mwaka wa Farasi wa Moto, unaorudi mara moja kila miaka 60, na imani iliyokuwapo ni kwamba msichana aliyezaliwa mwaka huo huwa mkali na humfupishia mumewe maisha. Mwaka 1965 walizaliwa watoto milioni 1.82. Mwaka 1966 wakazaliwa milioni 1.36. Robo nzima ya watoto wa mwaka mmoja haikuzaliwa kwa sababu ya imani ya kale, katika nchi isiyo na vidonge. Watu wakitaka kuzuia, huzuia.

Wafaransa walilionyesha hilo mapema zaidi. Familia za Ufaransa zilianza kupungua ukubwa mwishoni mwa karne ya 18, wengi wao wakiwa wakulima, kabla ya reli na kabla ya viwanda. Uingereza, iliyowatangulia wote kwa viwanda, ilikaa karibu miaka mia nyingine ndipo uzazi wake ukaanza kushuka kwa kudumu. Kwa hiyo hata kile kisa kinachopendwa, kwamba mashine zilikuja na watoto wakapungua, hakikai sawasawa. Vidonge na mashine vilirahisisha safari. Sababu ya kusafiri iko kwingine.

Sehemu ya sababu ni kifo, na hili sitalichelewesha kwa kuwa halina ubishi. Karne mbili zilizopita, duniani kwa jumla, takriban watoto wanne kati ya kila kumi walikufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Mzazi aliyetaka kuzeeka akiwa na watoto watatu ilimbidi azae watano au sita. Maji safi, chanjo na dawa vilipofika, hesabu hiyo ikabadilika, na wazazi wakaibadilisha nao, ingawa kwa kuchelewa kizazi kimoja au viwili. Nani angewalaumu?

Lakini kifo kinaeleza safari ya kutoka sita hadi wawili. Hakielezi kutoka wawili hadi mmoja, wala kutoka mmoja hadi hakuna.

Wahenga wetu walisema kila mtoto huja na riziki yake. Nilizoea kuuchukulia msemo huo kama maneno ya imani tu, ya kumfariji mtu aliyeelemewa. Siku hizi nadhani ulikuwa pia hesabu ya kweli. Mtoto wa mkulima au fundi alikuja na mikono miwili. Akiwa na miaka saba anachunga, akiwa na kumi analima au anamshikia baba yake kamba, na wazazi wakizeeka yeye ndiye akiba yao. Kisha sheria zikaja, sheria njema kabisa, zikaiondoa riziki hiyo moja baada ya nyingine. Uingereza mwaka 1833 ilikataza watoto wa chini ya miaka tisa kufanya kazi katika viwanda vya nguo, na mwaka 1880 ikawalazimisha kwenda shule. Ujerumani, chini ya kansela wake Bismarck, mwaka 1889 ikaanzisha mafao ya uzeeni, ya kulipwa mtu akifika miaka 70. Polepole mtoto akawa haleti kitu nyumbani, tena hahitajiki kwa ajili ya uzee. Serikali ilikuwa imechukua nafasi yake.

Mwanademografia (mtaalamu wa mabadiliko ya idadi ya watu) wa Australia, John Caldwell, aliyefanya utafiti wake mkubwa Afrika Magharibi, aliliweka jambo hili vizuri mnamo 1976. Katika jamii za zamani mali hutiririka kutoka kwa watoto kwenda kwa wazazi. Mkondo ukigeuka, mali ikaanza kutoka kwa wazazi kwenda kwa watoto, kuzaa wengi huwa hasara. Napenda nadharia yake kwa sababu haimtukani mtu. Haihitaji kizazi kizima kiwe kimepoteza utu ili watoto wapungue. Inatosha mto kugeuza mkondo.

Mkondo ukishageuka, swali linabaki moja tu: kiasi gani? Hapa ndipo ninapoona nchi tajiri zilipojifunga kamba zenyewe. Gary Becker, mchumi wa Marekani aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1992, alieleza kwamba wazazi wanapopata kipato zaidi hawaongezi idadi ya watoto. Huongeza wanachotumia kwa kila mtoto. Tajiri hanunui magari kumi ya bei rahisi, hununua moja zuri. Mfano wa gari unakera kidogo ukizungumzia watoto, najua, lakini mtazame mzazi wa Seoul, mji mkuu wa Korea Kusini. Mwanawe akitoka shule huenda kwenye masomo ya ziada ya kulipia, mara nyingine hadi usiku, kwa sababu watoto wote wa darasa lake wanakwenda huko. Mwisho wa safari hiyo ni mtihani wa kuingia chuo kikuu, unaofanywa kila Novemba, na uzito wake uko hivi: wakati wa sehemu ya kusikiliza Kiingereza, ndege nchi nzima huzuiwa kuruka na kutua kwa zaidi ya nusu saa ili muungurumo usiwasumbue watahiniwa. Katika nchi inayosimamisha anga kwa ajili ya mtihani, nani ana ujasiri wa kumpeleka mtoto wa tatu kwenye mashindano hayo akiwa na nusu ya maandalizi?

Kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Methali hii imekuwa kweli kupita kiasi. Kile kinachoitwa kulea kimeongezeka, na kila nyongeza, ukiitazama peke yake, ni nzuri. Kuna utafiti mmoja wa wachumi wawili kuhusu Marekani ambao hunirudia akilini mara kwa mara. Walichunguza sheria za viti vya usalama vya watoto garini. Majimbo yalipopandisha umri ambao mtoto lazima akae kwenye kiti hicho, familia zenye watoto wawili wadogo zikakuta cha tatu hakienei kwenye gari la kawaida. Kwa makadirio yao, mwaka 2017 sheria hizo ziliokoa watoto 57 wasife ajalini, na mwaka huohuo watoto wapatao 8,000 hawakuzaliwa. Unaweza kubishana na hesabu zao. Ninachokipenda ni kwamba hakuna mtunga sheria aliyekusudia hilo, na sidhani kama yupo mzazi aliyesema, "Sizai kwa sababu ya kiti." Alisema tu, "Tungoje kwanza tubadilishe gari."

Nifike sasa mahali ambapo wanaume tunaoandika juu ya mada hii hupenda kuparuka. Mwanetu alipozaliwa, kazi ya mke wangu ilisimama karibu miaka miwili. Yangu haikusimama hata wiki mbili. Aliporudi, waliokuwa chini yake walikuwa juu yake. Homa ikimpanda mtoto, simu kutoka shuleni ilikwenda kwake, ingawa namba zetu zote mbili ziliandikwa kwenye fomu, na mimi nililiona hilo kuwa jambo la kawaida mpaka aliponionyesha. Kwa hiyo miaka ile niliyokuwa nikijibu "mwakani", nilikuwa nikiahidi kwa kutumia muda wa mtu mwingine.

Claudia Goldin, aliyepata Nobel ya uchumi mwaka 2023, ana maelezo yanayonigusa hapo. Anasema nchi zenye uzazi wa chini kabisa, kama Korea Kusini, Japani na Italia, zilitajirika haraka mno, ndani ya kizazi kimoja au viwili. Wasichana wakasoma, wakapata kazi, wakaona maisha mengine. Nyumbani, matarajio ya waume na wakwe yakabaki ya zamani. Mwanamke akiolewa anapewa kazi mbili, ya mchana na ya usiku, na anaweza kuziona zikimjia tangu akiwa mchumba. Zaidi ya hayo, Korea na Japani watoto wanaozaliwa nje ya ndoa ni wachache mno, tofauti na Ufaransa ambako ni zaidi ya nusu. Mwanamke anayeikwepa ndoa ya namna hiyo, basi, amekwepa na watoto.

Kwa miaka mingi nilidhani hapo ndipo kitendawili kilipoteguliwa: washirikishe wanaume kulea, toa likizo, jenga vituo vya kulelea watoto, na watoto watarudi. Nchi za kaskazini ya Ulaya zilionekana kuthibitisha. Kisha ikaja Ufini, ikanivurugia kila kitu.

Ufini ni nchi ambayo tangu 1949 humpa kila mama mtarajiwa sanduku la nguo na vifaa vya mtoto, na mtoto mwenyewe anaweza kulala ndani ya sanduku hilo. Mwaka 2022 ilibadilisha likizo ya uzazi ili kila mzazi, baba kama mama, apate siku 160 zake. Kama kuna mahali ambapo mazingira ya kuzaa yameandaliwa, ni pale. Na uzazi wake umeporomoka kutoka 1.87 mwaka 2010 hadi 1.26 mwaka 2023. Kilichopungua zaidi si wa tatu wala wa pili. Ni yule wa kwanza. Watu wanafika miaka 35, 40, bila kuanza kabisa, wengi wao kwa kuwa hawajapata mwenza wa kudumu naye au wamempata na kumkosa zaidi ya mara moja. Sanduku la serikali linamkuta mtu akiwa tayari na mimba. Halimtafutii mchumba.

Ndiyo maana narudi kwenye kungoja. Ukiwauliza vijana wa Ulaya wangependa watoto wangapi, kwa miongo mingi jibu la kawaida limekuwa wawili. Wanazaa chini ya hapo. Pengo hilo kati ya tamaa na matokeo ndilo linalonishughulisha kuliko takwimu nyingine yoyote, kwa kuwa hukumu ya ubinafsi haiwezi kulieleza. Maisha ya kisasa yamepanga foleni, na mtoto amewekwa mwisho wake. Kwanza shule, na shule sasa inafika miaka 25. Kisha kazi, na kazi za mwanzo ni za mkataba wa mwaka mmojammoja. Kisha nyumba. Kisha mtu wa kuishi naye, aliyemaliza foleni yake mwenyewe. Zamani mtoto alikuja katikati ya maisha yakiwa bado vurugu, akakua pamoja na vurugu hiyo. Sasa anatakiwa akute kila kitu kimekwisha kupangwa. Korea Kusini mama hupata mtoto wa kwanza akiwa na wastani wa miaka 33. Mwili haujui habari za foleni. Uwezo wa kushika mimba hushuka waziwazi baada ya miaka 35, na hospitali za kusaidia uzazi, kwa ustadi wao wote, haziurudishi kikamilifu.

Ngojangoja huumiza matumbo, walisema, nao walikuwa wakizungumzia njaa. Kila atakayeahirisha mara moja tu atapata mtoto wake akiwa amechelewa kidogo. Tatizo ni kwamba anayeahirisha mara tano huwa hajui ile ya tano ndiyo ya mwisho. Ndiyo maana yule mzee alinishinda kwa swali lake: alidhani nimefunga mlango, kumbe nilikuwa nausogeza kidogokidogo kila mwaka.

Serikali nazo zimejaribu. Kisa kibaya kuliko vyote ni cha Romania, ambako mwaka 1966 mtawala wake, Ceaușescu, alipiga marufuku utoaji mimba. Kiwango cha uzazi kikaruka kutoka 1.9 hadi 3.7 kwa mwaka mmoja, watu wakatafuta njia za siri, na uzazi ukaanza kushuka tena. Kilichobaki ni maelfu ya wanawake waliokufa na vituo vya yatima vilivyojaa. Singapore iliwaambia wananchi waishie wawili katika miaka ya 1970, mwaka 1987 ikageuka na kuwaambia wazae watatu au zaidi kama wanaweza kuwamudu, na mwaka 2023 ikashuka chini ya mmoja. Hungaria tangu 2020 imewasamehe kodi ya mapato maisha yao yote akina mama wenye watoto wanne au zaidi. Uzazi ulipanda kutoka 1.25 mwaka 2010 hadi karibu 1.6 mwaka 2021, watu wakaja kujifunza Budapest, kisha kufikia 2024 ukawa umerudi chini ya 1.4. Pesa huonekana kumharakisha anayengoja kwa mwaka mmoja au miwili. Simlaumu anayezipokea. Lakini ni vigumu kumlipa mtu kwa miaka ishirini ya maisha yake, na hakuna bajeti iliyowahi kukaribia bei hiyo.

Mtu ataniuliza, na Israeli je? Nchi tajiri, yenye elimu na kompyuta kila mahali, na bado wanawake wake huzaa karibu watatu. Washika dini sana wanachangia mno, lakini hata wasioshika dini wanazaa kuliko wenzao wa Ulaya. Jibu langu ni dogo: pale mtoto bado ni jambo la watu wote, la babu na bibi, la taifa na historia yake, na mtu akimleta mapema katikati ya masomo au kazi hakuna anayemshangaa. Siwezi kulifungasha jambo hilo nikalipeleka Helsinki, kule Ufini.

Kwingine yanatokea kinyume, na nadhani hii ndiyo sehemu ya kutisha, ingawa haina mtu mbaya ndani yake. Watoto wakiwa wachache, dunia huanza kujengwa bila wao. Nyumba zinakuwa za vyumba viwili. Kilio ndani ya treni kinageuza vichwa. Kijana anafika miaka thelathini hajawahi kumbeba mtoto mchanga, kwa hiyo kumlea kunaonekana kama mtihani wa udaktari. Aliyekua peke yake huona mmoja ndiyo idadi ya kawaida. Mtaalamu wa Austria, Wolfgang Lutz, na wenzake waliita hali hii mtego, kwa maana kwamba uzazi ukikaa chini muda mrefu huanza kujishusha wenyewe.

Narudi Japani kidogo, kwa sababu sikumaliza kisa cha Farasi wa Moto. Mwaka 1967, baada ya mwaka wa mkosi kupita, walizaliwa watoto milioni 1.94, wengi kuliko hata 1965. Wale wazazi walikuwa wamengoja kwa muda maalumu, wakijua siku ya kurudi, wakarudi. Farasi yuleyule amerudi mwaka 2026, miaka 60 baadaye, akikuta nchi ambayo mwaka 2024 ilipata watoto wa taifa lake wasiofika 700,000. Sidhani kama ana mengi ya kuwatisha. Wanaongoja leo hawangoji mwaka fulani upite.

Kitanda cha mwanetu cha utotoni tulikifungua zamani. Mbao zake zimeegemea ukuta nyuma ya kabati, skrubu ziko kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa fundo. Mwezi uliopita mdogo wangu alipiga simu, mkewe ana mimba, akauliza kama bado tunakihitaji au aje akichukue. Nilimtazama mke wangu, naye akanitazama. Nikamwambia angoje kidogo.